Kocha wa skwoshi chuoni Marekani: kazi ikoje, na kijana wa Mombasa ataifikiaje?

Swali nimelifupisha kidogo, lakini maneno ni ya mwenyewe: "Shikamoo kocha. Nina miaka 23, niko Mombasa. Nacheza skwoshi tangu darasa la sita, na mwaka wa tatu huu nafundisha watoto wa wanachama hapa klabuni. Nimesikia vyuo vya Marekani vinaajiri makocha wa skwoshi kwa mshahara wa mwezi, kama walimu. Je, mtu kama mimi anaweza kufika huko? Kazi yenyewe ikoje, na nianzie wapi? Nina diploma ya biashara, sina digrii."

Marahaba, mdogo wangu.

Inawezekana. Mimi mwenyewe nilitokea upande huo huo: baba alikuwa jikoni kwenye klabu moja ya Nairobi, nami nikicheza saa nane mchana, wanachama wakiwa kazini na korti ziko tupu. Lakini mlango unaoutazama wewe, wa kucheza vizuri mpaka mtu akuone, sio mlango wa kazi hii. Nitakuonyesha ulipo, ila kwanza ujue unakoingia.

Skwoshi ya vyuo Marekani ni kijiji. Ina chama chake, College Squash Association, na haimo katika mashindano ya kitaifa ya NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo, kama ulivyo mpira wa kikapu. Timu kamili, yaani zile ambazo chuo chenyewe kinazilipia safari na kuziajiria kocha, ni kama dazeni tatu za wanaume na karibu idadi hiyo hiyo za wanawake, nyingi zikiwa zimejazana kaskazini-mashariki ya nchi. Pengine kocha mmoja anashika timu zote mbili. Ukiwakusanya makocha wakuu wote wanaweza kuenea kwenye basi moja la Nairobi. Na wakishapanda hawashuki. Jack Barnaby alishika Harvard mwaka 1937 akaiacha 1976. Bob Callahan alikaa Princeton kutoka 1981 hadi 2013. Kwa hiyo nafasi ikitoka, kila mtu kijijini anajua kabla tangazo halijatoka, na aghalabu anajua pia nani ataipata.

Sasa mechi yenyewe, maana hapo ndipo utaelewa kazi. Chuo na chuo wanakutana wachezaji tisa kwa tisa, wamepangwa kwa uwezo: namba moja anacheza na namba moja, mpaka namba tisa na namba tisa. Kila pambano ni seti tano, anayefikisha tatu kashinda, na seti ni pointi 11. Timu itakayoshinda mapambano matano imeshinda siku. Umeona kilichofichika humo? Ushindi wa namba tisa una uzito sawasawa na wa namba moja. Namba moja wangu ni kijana aliyekuja na mchezo wake kutoka ng'ambo, na mara nyingi ananipiga mimi. Yeye namrekebisha vitu vidogo tu, nahakikisha analala, basi. Mkate wangu uko kwa namba sita, saba, nane na tisa, vijana wa kawaida ambao ukiwaongezea pointi mbili kwa seti umebeba kikombe, na usipowaongezea unarudi nyumbani usiku kwenye basi lenye kimya.

Kumficha mchezaji mzuri chini ili aokote ushindi rahisi ni kosa, sheria inakataza. Ndiyo maana tuna mechi za ndani za kugombea nafasi. Hizo ndizo zinazotuzeesha.

Nikupe moja. Novemba fulani nilikuwa na vijana wawili wanaolala chumba kimoja bwenini, marafiki kweli, mmoja namba tisa na mwingine namba kumi. Namba kumi akisafiri anacheza mechi isiyohesabiwa, asiposafiri anabaki anasoma. Wakaingia kortini Jumanne jioni. Wakafika seti ya tano, 9–9. Mpira ukaja katikati, yule namba tisa akasimama njiani kidogo tu, mwenzake akashika raketi asipige, akanitazama. Mimi ndiye mwamuzi. Nikatoa stroku, pointi kwa namba kumi, kwa sababu ilikuwa stroku. Ikaisha 11–9. Aliyeshindwa alikaa chini akaegemeza mgongo ukutani, akaanza kufungua kamba za viatu polepole kama mtu anayehesabu pesa za mwenyewe. Wiki ile alilala maktaba siku nne ili asiingie chumbani. Kazi yangu ya wiki ile haikuwa bekihendi ya mtu yeyote. Ilikuwa kumtoa yule kijana maktaba, kumpeleka kula, kumwambia bila kuzungusha kwamba ile pointi ningeitoa tena, kisha kumpa mazoezi mahususi ya kurudi mapema kwenye T, pale mistari inapokutana katikati ya korti, ili asisimame tena njiani. Februari alirudi namba nane.

Wewe klabuni ukimaliza somo la dakika 45 mtoto anaondoka na mama yake. Huku anaondoka na wewe.

Siku ya kawaida ya msimu, Novemba mpaka mwanzoni mwa Machi, inakwenda hivi. Saa moja asubuhi mazoezi ya viungo. Baadaye masomo ya mmoja mmoja au wawili wawili, kadiri ratiba ya madarasa inavyowaachia nafasi, maana hapa darasa ndilo linalotangulia na kocha anayeligombania hadumu. Adhuhuri barua pepe: hoteli, vyakula, mzazi anayetaka kujua kwa nini mwanawe ni namba tano na si nne, ofisi ya masomo inayokuarifu kwamba mtu wako ameshindwa kemia. Saa kumi jioni hadi saa moja ni mazoezi ya timu. Usiku ndio unaanza kupiga simu Cairo, Karachi, Kuala Lumpur. Wikiendi, safari. Chuo kidogo hakina dereva, dereva ni wewe, na barabara za Januari zina barafu. Nilipopata kazi yangu ya kwanza ya usaidizi sikujua kuendesha kwenye theluji, nikajifunza nikiwa na watoto wa watu nyuma yangu, na mpaka leo sipendi kuikumbuka safari ile.

Hizo simu za usiku ndizo nusu ya kazi, na ndizo ambazo wengi wanaotamani ukocha hawazijui. Ni kusaka wachezaji. Vyuo vya Ivy League, Harvard na Yale na wenzao, havitoi ufadhili wa michezo hata senti moja, na vyuo vidogo vya kaskazini-mashariki vinavyocheza daraja la tatu la michezo ya vyuo hali kadhalika. Msaada wa ada unatolewa kwa kuangalia mfuko wa familia. Kocha hana karo ya kumpa mtu. Alichonacho ni sauti: anapeleka majina machache kwa ofisi ya udahili na kusema huyu namhitaji, na ofisi inatazama alama. Vyuo vya Ivy vina hata kipimo chao, kinachoangalia alama za timu nzima zisiachane mno na za wanafunzi wengine. Kwa hiyo mzazi akinitumia video ya mwanawe, video ile naifungua mwisho. Kwanza ripoti ya shule.

Halafu nakwenda kuwaona kwa macho. Desemba kuna mashindano ya vijana, US Junior Open, pale Philadelphia, Januari British Junior Open huko Uingereza, na makocha wote wa kijijini wako pale wamesimama nyuma ya kioo na makoti yao, wanajifanya hawatazamani. Mimi seti ya kwanza huwa sijali sana. Nangoja mtoto awe amefungwa seti mbili bila. Kama bado anarudi kwenye T baada ya kila mpira, hata mpira aliokwisha kuupoteza, naandika jina. Kama anaanza kupiga mipira ya karibu na bati, ule ukanda wa chini ya ukuta wa mbele ambao mpira ukiugusa umepoteza, ili mambo yaishe haraka, nafunga daftari. Utaniambia ni ukatili kumpima mtoto wa miaka 16 siku yake mbaya. Labda. Lakini mimi nitakaa naye miaka minne, na siku mbaya ndizo nitakazokuwa naye.

Mamlaka hayo ya kupendekeza majina yana hatari yake pia. Machi 2019 waendesha mashtaka wa serikali kule Boston walifichua kwamba makocha wa tenisi, soka, mashua na michezo mingine walikuwa wakipokea hongo, wakiwaandikisha watoto wa matajiri kama wachezaji hali wengine hata mchezo wenyewe hawauchezi. Skwoshi haikutajwa, ila moshi ulitufikia sote. Mzazi akikuletea zawadi, rudisha siku hiyo hiyo, na umwandikie bosi wako.

Nani basi anapewa kazi hii? Kuna kundi la mabingwa waliostaafu. John White, aliyewahi kuwa namba moja duniani, alikwenda Drexel. David Palmer, bingwa wa dunia mara mbili, Cornell. Thierry Lincou wa Ufaransa, bingwa wa dunia wa 2004, akafundisha MIT. Hawa usishindane nao, jina lao peke yake linaleta wachezaji. Kundi la pili ni wale waliosoma na kucheza vyuoni humo humo, kama Gilly Lane, aliyechezea Penn, yaani Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akarudi kuifundisha, na mwaka 2024 akaipa Potter Cup, kikombe cha taifa cha wanaume. Gail Ramsay alishinda ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja mara nne akiwa mwanafunzi wa Penn State, kisha akaifundisha Princeton miaka na miaka, na leo kikombe cha ubingwa huo wa mmoja mmoja wanachogombea wasichana kinaitwa kwa jina lake.

Kundi la tatu ndilo lako, na ndilo ninalolipenda: walimu. Paul Assaiante wa Trinity, chuo kidogo pale Hartford, alikuwa mwanasarakasi wa jimnastiki alipokuwa mwanafunzi. Skwoshi aliijua akiwa mtu mzima, tayari kaajiriwa katika chuo cha jeshi cha West Point. Mtu huyo huyo timu yake haikufungwa kutoka 1998 mpaka Januari 2012, mechi 252 mfululizo, hadi Yale walipomsimamisha, na humo ndani vikombe 13 vya taifa vilivyofuatana. Mike Way naye watu walimjua kama mwalimu, aliyemlea Jonathon Power wa Kanada mpaka akawa namba moja duniani. Harvard wakamchukua 2010, na mikononi mwake wakapita Ali Farag na Amanda Sobhy, wachezaji waliokuja kutamba duniani.

Siri ya Trinity haikuwa uchawi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyuo vya Marekani vilicheza skwoshi yao wenyewe, ya mpira mgumu na korti nyembamba ya kama mita 5.6, wakati dunia nzima inacheza mpira laini kwenye korti ya mita 6.4. Walipohamia mpira laini, mtoto wa Lahore au wa Durban akawa anafika na mchezo uliokwisha kuiva. Trinity waliliona hilo mapema, wakapeleka mialiko mbali. Lakini kuwakusanya vijana kutoka nchi nyingi namna ile na kuwafanya wapishane kwa amani kwenye namba tisa ni kazi nyingine kabisa, na hapo ndipo unapomjua kocha. Wengine waliokusanya vipaji hivyo hivyo hawakufika popote.

Pesa. Kocha mkuu wa chuo chenye uwezo anaishi vizuri, kama mtumishi mwandamizi wa chuo, na ana bima ya afya, kitu ambacho Marekani si kidogo. Kuna hata nafasi ambazo wahitimu matajiri wamezichangia mfuko wa kudumu ili mshahara usikauke. Msaidizi ni habari nyingine. Mwaka wangu wa kwanza, chuo ambacho sitakitaja kiliniahidi cheo na mkataba wa mwaka. Kufika nikakuta mkataba unaishia Machi pamoja na msimu, na kazi yangu kubwa ni kufuma nyuzi za raketi na kufua fulana. Miezi iliyobaki nilijilisha kwa kambi za watoto za kiangazi na masomo ya binafsi. Soma mkataba wako mpaka tarehe ya mwisho. Uliza kwa maandishi: miezi mingapi, bima ipo, nyumba ipo?

Na usidhani chuo ni mlima usiohama. Mwaka 2020, gonjwa la korona likiwa limepamba moto, Brown waliiondoa skwoshi katika timu zao kamili, George Washington wakaifuta ya wanaume, Stanford wakatangaza kufuta michezo 11 skwoshi ikiwemo, kisha mwaka uliofuata wakarudi nyuma baada ya wahitimu na wachezaji kupiga kelele. Makocha wenzangu walipata habari siku moja na wachezaji wao. Sasa kuna matumaini mapya kwa sababu skwoshi inaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Los Angeles 2028. Mimi nafurahi, ila usipange maisha yako juu ya wiki mbili za televisheni.

Tuje kwako. Kwa miaka 23, njia ya kuja kama mchezaji wa shahada ya kwanza ni nyembamba mno, wenzako wanaingia na miaka 18 au 19. Usiipoteze miaka miwili ukiigonga. Lakini bila digrii hakuna ofisi ya ajira ya chuo itakayosoma barua yako, hata ukiwa umemfunga nani. Diploma yako ya biashara haijapotea, vyuo vikuu vya nyumbani vingine vinaipunguzia miaka digrii. Maliza hapo hapo Kenya huku unafundisha. Biashara, elimu, saikolojia, chochote, ilimradi alama ziwe safi, kwa sababu hatua ya pili ni shahada ya uzamili Marekani, na alama hizo ndizo zitakazokuvusha.

Kwa nini uzamili? Kwa sababu ya viza. Ukisoma huko unapata ruhusa ya kufanya kazi miezi 12 baada ya kuhitimu, na kocha mkuu anaweza kukuchukua usaidizi bila kuumiza kichwa. Baadaye chuo kinakuombea viza ya kazi, H-1B, na vyuo havilazimiki kungoja ile bahati nasibu ya kila mwaka ya kugawa viza hizo, inayowasumbua wahandisi. Lakini tangu Septemba 2025 serikali ya Marekani imeweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza hiyo, ikiwalenga hasa wanaoombewa wakiwa nje ya nchi. Hakuna timu ya skwoshi itakayomlipia msaidizi pesa hizo akiwa Mombasa. Kwa hiyo uwe tayari uko ndani, darasani. Vipo vyuo vinavyompa msaidizi wa kocha nafuu ya ada ya uzamili. Andikia makocha moja kwa moja, usiishie kwenye matangazo.

Mlango mwingine watu wengi wanaupita bila kuuona. Miji mikubwa ya Marekani ina vituo vinavyofundisha skwoshi na masomo ya shule pamoja kwa watoto wa mitaa ya kipato cha chini: SquashBusters ya Boston tangu 1996, StreetSquash ya Harlem, CitySquash ya Bronx. Huko wanatafuta mtu anayejua kumshika mtoto asiyetaka hesabu wala raketi. Mimi nilipita hapo miaka mitatu kabla chuo hakijanipa timu, na bosi aliyeniajiri aliniuliza habari za watoto wale muda mrefu zaidi kuliko habari za mchezo wangu.

Wakati unasoma, chukua kozi ya ukocha ya Shirikisho la Skwoshi la Dunia, ngazi ya kwanza, kupitia chama cha skwoshi cha Kenya, kisha ya pili. Weka tayari cheti cha tabia njema cha polisi, watakutaka, na ukifika utapitishwa mafunzo ya kuwalinda watoto. Pata leseni ya udereva. Jifunze kufuma nyuzi mwenyewe, hata kama nimelalamika hapo juu. Jifunze uamuzi pia, kwa sababu kocha asiyejua kutofautisha leti, yaani mpira urudiwe, na stroku ataaibika mbele ya timu yake Jumanne moja jioni.

Na mwezi huu nitumie video. Sitaki mechi yako. Nataka somo lako moja zima la mtoto wa miaka kumi hivi ambaye bado hajui, tangu anaingia kortini na mpira ungali baridi hauruki mpaka anapotoka, bila kukata popote. Waombe wazazi ruhusa kwanza. Simu iweke nyuma juu, kwenye baraza ya watazamaji, niwaone nyote wawili, na dakika zile ambazo hakuna kinachokwenda sawa uziache zilivyo.